Shehena ya mazoezi: jifunze biashara ya kimataifa kabla hujaweka fedha zako melini

Wengi wanaoingia kwenye biashara ya kimataifa huanza kwa kutafuta mteja. Mteja akipatikana ndipo maswali yanapoanza: msimbo wa forodha ni nini, bima analipa nani, mbona benki imekataa hati zangu? Majibu huja, ila kila jibu huja na ankara yake.

Mimi napendekeza uanzie upande wa pili. Kabla ya kuuza au kununua hata katoni moja, safirisha shehena nzima kwenye karatasi. Chagua bidhaa, itafutie msimbo, pima katoni zake, omba bei za usafiri, piga hesabu ya ushuru, andika mkataba, andaa hati zote, kisha mpe mtu anayeijua kazi azikosoe. Ukiifanya jioni baada ya shughuli zako, itakuchukua kama wiki sita hadi nane. Gharama yake ni muda, bando la intaneti na malipo ya saa moja au mbili kwa huyo mkosoaji. Sababu ya kusisitiza karatasi ni hii: katika biashara hii mzigo na hati husafiri njia mbili tofauti, na mara nyingi anayelipwa au kupata hasara huamuliwa na hati, mzigo ukiwa bado majini.

Hatua ya 1: Bidhaa moja tu

Ukimuuliza mtu anataka kuuza nini nje akakujibu "chochote chenye soko", bado hajaanza. Ujuzi wa kazi hii unashikana na bidhaa. Msafirishaji wa maua anajua joto la chumba cha baridi, ratiba za ndege na vyeti vya afya ya mimea. Mpe saruji, ataanza upya karibu kila kitu.

Kwa shehena ya kwanza ya mazoezi, chagua kitu kisichooza, kisichovunjika kirahisi, na kisichohitaji kibali maalumu. Dawa, kemikali, vyakula, vipodozi na vifaa vyenye betri za lithiamu viache kwanza. Si kwamba havina faida. Vina sheria zake juu ya sheria za kawaida, na wewe hata hizo za kawaida hujazizoea.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: mikoba ya mkononi ya turubai la pamba, 2,000 kwa idadi, 20 kwa kila katoni. Hiyo ni katoni 100, kila moja ikiwa na sentimita 60 kwa 40 kwa 40 na uzito wa kilo 9. Unaweza kubadilisha bidhaa, lakini ziandike namba zako namna hiyo hiyo. Usiseme "mzigo wa wastani".

Hatua ya 2: Msimbo wa HS

Kila bidhaa inayovuka mpaka ina namba. Mfumo wa namba hizo, unaoitwa HS, husimamiwa na Shirika la Forodha Duniani lenye makao yake Brussels, na ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Tarakimu sita za mwanzo ni zile zile katika nchi zote zinazoutumia. Baada ya hapo kila nchi huongeza zake. Mfumo hurekebishwa kila baada ya miaka michache, na toleo la 2022 lina sura 97, ingawa sura ya 77 imeachwa wazi kwa matumizi ya baadaye.

Mkoba wetu umo sura ya 42, kichwa 4202. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa, maana sehemu ya nje ikiwa ya ngozi msimbo ni 4202.21, na ikiwa ya kitambaa au ya plastiki bapa ni 4202.22. Mkoba ni ule ule kwa macho ya mnunuzi, ila forodha inaweza kuutoza kiwango kingine. Usikisie kutokana na jina la bidhaa. Soma kanuni sita za ufasiri zinazotangulia mfumo wenyewe, kisha maelezo ya sehemu na ya sura. Yanachosha, sikatai, lakini ndiyo yanayotumika pakizuka ubishi.

Ukibaki na shaka, kuna njia ambayo wafanyabiashara wadogo hawaitumii vya kutosha. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani wa kurahisisha biashara, ulioanza kutumika tarehe 22 Februari 2017, unazitaka forodha za nchi wanachama kutoa uamuzi wa awali. Unaandika maombi ukieleza bidhaa yako, nao wanakujibu kwa maandishi ni msimbo gani, au bidhaa itahesabika ni ya nchi gani. Jibu hilo linaifunga forodha iliyolitoa. Maneno ya wakala kwenye simu hayamfungi mtu.

Ukishapata msimbo, tafuta mambo mawili kuhusu nchi inakokwenda bidhaa: kiwango cha ushuru cha kawaida, na kama kuna mkataba wa kibiashara unaokipunguza. Punguzo halitolewi kwa sababu tu meli imetoka nchi rafiki. Lazima bidhaa yenyewe ikidhi kanuni za uasilia, yaani zile zinazoamua bidhaa ihesabike ni ya nchi gani. Turubai likiagizwa kutoka nchi ya tatu, likakatwa na kushonwa kuwa mkoba, msimbo umehama kutoka sura ya 52 ya pamba kwenda sura ya 42. Baadhi ya mikataba itatosheka na badiliko hilo. Mingine itataka hata kitambaa kiwe kimefumwa ndani ya nchi wanachama. Soma kanuni ya msimbo wako, usisome muhtasari wa mkataba.

Hatua ya 3: Soma soko kwa takwimu, kisha kwa macho

Kituo cha Biashara cha Kimataifa cha Geneva, ITC, kilichoanzishwa mwaka 1964, kina tovuti iitwayo Trade Map. Ingiza tarakimu sita za msimbo wako uone ni nchi gani zinaagiza, kutoka wapi, kwa thamani na kiasi gani. Umoja wa Mataifa nao una hazina yake ya takwimu, Comtrade.

Wanaoanza huitazama nchi inayoagiza kwa wingi zaidi na kuishia hapo. Tazama mambo mengine mawili. La kwanza ni bei ya wastani: gawanya thamani kwa kiasi. Nchi mbili zinaweza kuagiza mikoba kwa thamani sawa, moja ikilipa mara tatu ya nyingine kwa kila kilo. Hayo ni masoko mawili tofauti kabisa, na pengine mkoba wako unafaa moja tu. La pili ni mwenendo wa miaka mitano. Mwaka mmoja unaweza kudanganya kwa sababu ya tukio moja kubwa.

Tahadhari ndogo: takwimu za nchi A kuhusu ilichomuuzia B mara nyingi hazilingani na za B kuhusu ilichonunua kwa A. Mmoja anahesabu bei bila nauli, mwingine na nauli na bima. Mzigo mwingine hupitia nchi ya katikati. Mimi huamini zaidi za muagizaji, kwa kuwa forodha humkagua anayelipa ushuru kuliko anayetoa mzigo nje.

Hatua ya 4: Pima katoni

Hatua hii ni fupi kuifanya na ina fedha nyingi ndani yake. Msafirishaji hakutozi uzito peke yake. Anakutoza nafasi au uzito, chochote kilicho kikubwa.

Kwa ndege, hesabu ya kawaida ni kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawa kwa 6,000. Katoni yetu ni 60 × 40 × 40, yaani 96,000. Ukigawa unapata kilo 16. Mizani inasema 9, utalipia 16. Kampuni za vifurushi vya haraka kwa kawaida hugawa kwa 5,000, na hapo inafika kilo 19.2. Sasa fikiria fundi amekunja mikoba vizuri zaidi na katoni imeshuka hadi kimo cha sentimita 30. Unapata kilo 12. Umepunguza robo ya nauli bila kujadiliana na mtu yeyote.

Kwa meli, mzigo usiojaza kontena hutozwa kwa mita ya ujazo au tani, kinachozidi. Katoni zetu 100 ni mita za ujazo 9.6 na kilo 900, kwa hiyo utalipia 9.6. Kontena la futi 20 lina nafasi ya mita za ujazo 33 hivi kwa vipimo vya ndani, ingawa ukipanga katoni halisi hutaijaza yote. Hii ina maana mzigo wetu utachangia kontena na mizigo ya wengine, na mmoja wao akiwa na kasoro kwenye hati zake, wewe pia unaweza kusubiri. Omba bei za njia zote tatu kutoka kwa mawakala wa mizigo watatu. Ziweke kwenye jedwali moja na uulize kila tozo usiyoielewa inalipwa wapi, na nani, na kwa kipimo gani. Wakala anayekasirishwa na maswali hayo amekusaidia kumjua mapema.

Paleti zikiwa za mbao, lazima ziwe zimetibiwa kwa kiwango kiitwacho ISPM 15. Njia iliyozoeleka ni joto la nyuzi 56 hadi kiini cha ubao kwa angalau dakika 30, na paleti hupigwa muhuri wenye alama ya suke la ngano. Shehena nzuri kabisa huweza kuzuiwa, au kurudishwa, kwa sababu ya paleti isiyo na muhuri.

Hatua ya 5: Herufi tatu zinazoamua hasara ni ya nani

Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara cha Paris, ICC, kilitoa masharti ya Incoterms, yanayogawa gharama, hatari na kazi za forodha kati ya muuzaji na mnunuzi, kwa mara ya kwanza mwaka 1936. Toleo linalotumika sasa ni la 2020, lina masharti 11: saba ya usafiri wowote (EXW, FCA, CPT, CIP, DAP, DPU, DDP) na manne ya majini tu (FAS, FOB, CFR, CIF).

Usiyakariri yote. Kwa kila sharti uliza maswali matatu: nani analipia usafiri hadi wapi, hatari inahama kwa mnunuzi mahali gani, na nani anashughulikia forodha za upande upi. Swali la pili ndilo linalowachanganya hata wazoefu. Chukua CIF. Muuzaji analipa nauli na bima hadi bandari ya mnunuzi, kwa hiyo wengi hudhani mzigo uko mikononi mwa muuzaji mpaka ufike. Sivyo. Hatari ilishahama mzigo ulipopakiwa melini kule ulikotoka. Ukizama katikati ya bahari, umezama wa mnunuzi, naye ndiye atakayehangaika na kampuni ya bima iliyochaguliwa na mtu mwingine.

FOB nayo hutumiwa vibaya kila siku. Hatari yake huhama mzigo ukiwa ndani ya meli, lakini kontena hukabidhiwa kwenye yadi siku kadhaa kabla. Muuzaji anabaki amebeba hatari ya kitu ambacho hakishiki tena. Kwa kontena, ICC yenyewe inashauri FCA, ambapo hatari huhama muuzaji anapomkabidhi msafirishaji mzigo. Wafanyabiashara wanaendelea kuandika FOB kwa mazoea. Wewe andika FCA, na mwenzako akiuliza sababu, mweleze.

EXW na DDP ni ncha mbili. Ukiuza EXW, mnunuzi aliye ng'ambo anatakiwa ashughulikie forodha ya kutoa mzigo katika nchi asiyokuwa na ofisi. Ukiuza DDP, wewe unatakiwa ulipe ushuru na kodi katika nchi usiyoijua. Kwa anayeanza, zote mbili ni za kukwepa.

Na sharti bila mahali halijakamilika. Haitoshi kuandika "FCA". Andika FCA, kisha jina la yadi au ghala, kisha "Incoterms 2020". Kumbuka pia kwamba Incoterms hazisemi umiliki unahama lini wala malipo yafanyike vipi. Hayo utayaandika mwenyewe kwenye mkataba.

Hatua ya 6: Bei mpaka mlangoni kwa mnunuzi

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu huua mawazo mabaya bila kumwaga damu.

Tuseme mikoba yetu ina thamani ya 100 ikiwa melini. Nauli 12, bima 1: jumla 113. Ushuru wa forodha wa asilimia 20, ukitozwa juu ya 113, ni 22.6, na tumefika 135.6. Gharama za bandari, wakala wa forodha, yadi na gari hadi ghalani ni 9.4. Jumla 145. Yule aliyefikiria "bidhaa 100 na nauli 12" alikuwa anajadiliana bei akiwa nyuma kwa theluthi moja ya thamani ya mzigo.

Nchi nyingi hutoza ushuru juu ya thamani yenye nauli na bima ndani yake. Marekani, Kanada na Australia hutoza juu ya thamani isiyo na nauli ya kimataifa. Kwa mfano wetu, ushuru ungekuwa 20 badala ya 22.6. Hakikisha kabla ya kujaza jedwali.

Kodi ya ongezeko la thamani hukokotolewa kwa kawaida juu ya thamani pamoja na ushuru. Muagizaji aliyesajiliwa hudai kuirejesha, lakini fedha hizo hukaa nje ya mfuko wake kwa muda, na muda una bei. Ongeza mstari wa riba: kama fedha zako zitalala siku 90 kati ya kulipa arbuni na kupata mauzo, siku hizo zinagharimu kiasi gani? Ongeza mwingine wa sarafu. Andika jumla itakuwaje sarafu yako ikishuka asilimia 5 kabla ya malipo ya mwisho. Faida ikitoweka kwa asilimia hizo 5, hapo huna biashara, una kamari juu ya sarafu.

Kama wewe ni muuzaji, fanya hesabu hii hii kwa niaba ya mnunuzi. Muuzaji anayeweza kumwambia mnunuzi "mkoba huu utakufikia ghalani kwa kiasi hiki" husikilizwa kuliko anayetuma picha na neno "bei nzuri".

Hatua ya 7: Sampuli na mkataba

Andaa sampuli mbili zinazofanana, pande zote mbili zitie sahihi kwenye lebo, kila mmoja abaki na yake imefungwa. Ugomvi kuhusu "rangi si ile" humalizika pale pale sampuli zinapofunguliwa.

Kisha andika mkataba, hata wa kurasa mbili. Maelezo ya bidhaa yalingane na msimbo wako. Weka ustahimilivu wa kiasi na vipimo, tarehe ya mwisho ya kupakia, sharti la Incoterms, namna ya malipo, na ukaguzi. Kuhusu ukaguzi, usiandike "ubora mzuri". Taja kiwango cha ISO 2859-1. Kwa mzigo wa vipande 2,000 katika ngazi ya kawaida ya ukaguzi, huchaguliwa mikoba 125 bila upendeleo. Mkichagua kikomo cha ubora unaokubalika (AQL) cha 2.5 kwa kasoro kubwa, mzigo unakubaliwa ikipatikana mikoba yenye kasoro isiyozidi 7 na unakataliwa ikifika 8. Hakuna nafasi ya kulumbana.

Mistari miwili ya mwisho ya mkataba ndiyo inayosahaulika: sheria gani inatumika, na mgogoro utasikilizwa wapi. Mkataba wa Vienna wa 1980 kuhusu mauzo ya kimataifa ya bidhaa hutumika wenyewe pale wafanyabiashara wanapotoka nchi mbili zilizouridhia, isipokuwa wakiukataa kwenye makubaliano yao. Uingereza haijauridhia. Kwa migogoro, wengi huchagua usuluhishi badala ya mahakama, kwa sababu Mkataba wa New York wa 1958 unaziwezesha tuzo za wasuluhishi kutekelezwa katika nchi nyingi sana, jambo ambalo hukumu ya mahakama ya kwenu hailipati kirahisi ng'ambo. Lakini kwa mzigo mdogo kama huu, gharama ya usuluhishi inaweza kuuzidi mzigo wenyewe. Kinga yako halisi iko kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya 8: Malipo

Malipo ya kimataifa ni ngazi. Juu kabisa, muuzaji analala usingizi: analipwa yote kabla ya kupakia. Chini kabisa anayelala ni mnunuzi: anapokea mzigo na kulipa baada ya siku 60 au 90. Katikati kuna arbuni ya asilimia 30 na salio dhidi ya nakala ya hati ya shehena, ile anayotoa msafirishaji kuthibitisha amepokea mzigo. Kuna hati kukabidhiwa kupitia benki kwa malipo. Na kuna barua ya dhamana ya malipo ya benki, ambayo kila mtu sokoni anaiita LC.

LC inastahili muda wako zaidi kwa sababu wanaoanza huiona kama usalama kamili. Husimamiwa na kanuni za ICC ziitwazo UCP 600, zenye vifungu 39, zilizoanza tarehe 1 Julai 2007. Msingi wake ni kwamba benki hushughulika na hati, haishughuliki na bidhaa. Muuzaji akileta hati zinazolingana na masharti, analipwa hata kama katoni zimejaa mawe. Na akileta hati zenye kasoro, benki ina haki ya kukataa hata kama mikoba ni mizuri kuliko yote duniani.

Mara ya kwanza nilipoandaa hati za LC nilijiamini kupita kiasi. LC ilitaka maelezo ya bidhaa kwenye ankara yalingane na yake. Mimi nikayafupisha kwa sababu niliona ni marefu mno. Benki ilizirudisha. Mnunuzi akakubali kuipuuza kasoro hiyo, baada ya kuomba punguzo. Lile punguzo ndilo ada niliyolipa kwa kujifunza kunakili.

Kwa hiyo fanya zoezi hili: tafuta mfano wa LC, uuchapishe, kisha andaa hati zote unazoombwa. Ankara. Orodha ya ufungashaji. Hati ya shehena iliyo safi, isiyo na maelezo ya uharibifu. Cheti cha uasilia. Cheti cha bima kama sharti ni CIF au CIP. Halafu zipitie kwa kalamu nyekundu. Je, uzito kwenye orodha ya ufungashaji unalingana na wa hati ya shehena? Tarehe ya kupakia imepita ile ya mwisho? Hati zitawasilishwa ndani ya siku 21 baada ya kupakia, na kabla LC haijaisha muda? Benki ina siku tano za kazi za kuzikagua, umeziacha? Neno "takriban" likiwekwa mbele ya kiasi linaruhusu tofauti ya asilimia 10 juu au chini. Lipo, au halipo?

Rasimu ya LC ikija, isome kabla haijafunguliwa. Sharti lolote linalohitaji sahihi ya mnunuzi ili ulipwe, mfano cheti cha ukaguzi kinachotolewa na yeye mwenyewe, linamrudishia ufunguo wa sanduku. Likatae.

Jambo moja la mwisho kuhusu fedha. Wezi huingia kwenye barua pepe za mmoja wenu, husoma mazungumzo kwa wiki kadhaa, kisha siku ya malipo hutuma ujumbe: "tumebadilisha akaunti ya benki". Lugha ni ile ile, sahihi ni ile ile, hata utani ni ule ule. Andikeni kwenye mkataba kwamba akaunti haibadilishwi kwa barua pepe, na kila badiliko lithibitishwe kwa simu, kwa namba mliyokuwa nayo tangu mwanzo. Namba iliyomo kwenye ujumbe huo usiipige.

Hatua ya 9: Bima

"Mwenye meli si atalipa?" Atalipa kidogo, na si kwa kila kitu. Kanuni za Hague-Visby, zinazotumika kwenye hati nyingi za shehena, huiwekea dhima yake kikomo cha kiasi kilichopangwa kwa kila kifurushi au kwa kila kilo, na humwondolea dhima kwa makosa kadhaa ya uendeshaji wa meli.

Vifungu vya bima ya shehena viko vitatu: A, B na C. A ndicho kipana zaidi, C ni chembamba. Incoterms 2020 humtaka muuzaji wa CIP anunue A, lakini muuzaji wa CIF anaruhusiwa kununua C, isipokuwa mmekubaliana vingine. Mnunuzi wa CIF asiyeuliza hupata C. Kiasi cha kawaida cha bima ni asilimia 110 ya thamani ya mkataba.

Ikiwa bado unaona bima ni anasa, kumbuka meli ya Ever Given iliyokwama kwenye Mfereji wa Suez tarehe 23 Machi 2021 na kunasuliwa tarehe 29. Mwenye meli alitangaza hasara ya pamoja, utaratibu wa kale wa baharini ambapo wenye mizigo yote huchangia gharama za kuiokoa safari. Watu ambao mizigo yao haikupata hata mkwaruzo walitakiwa kuweka dhamana kabla ya kukabidhiwa. Mwenye bima aliiachia kampuni yake kazi hiyo; asiye na bima alitafuta fedha taslimu.

Hatua ya 10: Mtafute wa kukukosoa

Sasa una faili: msimbo, takwimu, bei za usafiri, jedwali la gharama, mkataba, hati. Lipeleke kwa wakala wa forodha au ofisa wa benki anayeshughulikia hati, umlipe saa moja au mbili za muda wake. Usimwambie akufundishe biashara ya kimataifa. Mwambie atafute makosa kwenye faili hili. Utapata mengi zaidi, maana mtaalamu huona raha kukosoa kuliko kuhutubia.

Ukitaka darasa, ITC ina chuo cha mtandaoni, SME Trade Academy, chenye kozi za bure, na Shirika la Biashara Duniani lina zake pia. Zisome sambamba na faili, si kabla yake. Kozi bila shehena mkononi husahaulika haraka. Anayetaka kuifanya kazi ya usafirishaji mizigo kuwa taaluma aangalie stashahada ya FIATA, shirikisho la kimataifa la mawakala wa mizigo lililoanzishwa mwaka 1926. Ila kama unaweza kupata miezi mitatu ya kukaa kwenye ofisi ya wakala ukipanga mafaili, hata bila malipo makubwa, chukua hiyo kwanza. Huko utaona hati zilizokataliwa, na hizo hazimo kwenye vitabu.

Hatua ya 11: Shehena ya kweli

Iwe ndogo kiasi kwamba ukiipoteza yote utaudhika tu, hutafilisika. Badala ya mikoba 2,000, tuma 200. Kufungua LC kwa mzigo mdogo hivyo hakuna maana, kwa sababu ada za benki zitaumeza. Tumia arbuni na salio.

Barua ya kwanza kwa mnunuzi iwe fupi: bidhaa, msimbo wa HS, kiasi cha chini cha oda, bei pamoja na sharti la Incoterms na mahali, siku za kuandaa mzigo. Mnunuzi mzoefu akiona msimbo na sharti lililokamilika, anajua anazungumza na nani. Na wewe mkague: usajili wa kampuni yake, anwani, wauzaji wawili anaonunua kwao sasa.

Mzigo ukishafika, usikimbilie oda ya pili. Fungua lile jedwali la hatua ya 6, ongeza safu mpya kulia kwa makadirio yako, ujaze kilicholipwa kweli kutoka kwenye kila risiti. Tozo ambayo haikuwemo kabisa, ipe mstari wake. Iliyozidi makadirio kwa zaidi ya asilimia 10, mpigie aliyeitoza umuulize kwa nini. Andika jibu pembeni mwa namba, kisha ndipo utoe bei ya mikoba 2,000.